Afisa Mkuu wa Kutazama Balbu

Mamlaka ya Upepo wa Mpunga, Tawi la Garsen, ina furaha kuujulisha umma kwamba tatizo la kutengeneza feni kubwa ya kiwanda limekwisha kabisa. Kuanzia sasa, feni itatengenezwa stima ikipotea.

Msicheke. Sera hii ilifikiriwa na watu wenye tai.

Kwa wale ambao hawajaiona, feni yenyewe imefichwa ndani ya ganda la chuma lililojiviringa kama konokono, na bomba refu limetokeza juu ya paa. Kazi yake ni kufyonza makapi ya mpunga unaotoka kijiji cha Wema na kuyatupa nje. Makapi yakinata kwenye mapanga yake, upande mmoja unakuwa mzito, basi feni inatetemeka kama mgonjwa wa malaria na beringi zinalia. Hapo fundi hana budi kupenya kimlango cha pembeni, akwangue uchafu, apake grisi.

Zamani, kabla ya maendeleo, fundi alizima swichi kubwa, akangoja feni isimame kabisa, ndipo akaingia. Mkurugenzi wetu, Bwana Ngala, aliona huo ni uvivu uliovaa ovaroli.

"Stima ya Garsen inapotea yenyewe," alituambia mkutanoni. "Kwa nini tuhangaike kuzima kitu tunachozimiwa bure?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo swichi huachwa ikiwa imewashwa, ili stima ikirudi, feni irudi kazini papo hapo.

Na usalama je? Usalama ni mimi. Naitwa Issack, kidato cha nne, Afisa wa Kutazama Balbu. Nakaa kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye balbu iliyo juu ya mlango. Ikiwaka, napaza sauti: "Imerudi!" Fundi anachomoka. Mfumo huu umefaulu sana, isipokuwa kwa Sadik, fundi aliyetangulia, ambaye siku hizi anasalimia watu kwa mkono wa kushoto. Mamlaka ilichunguza ikakuta kwamba Sadik alichelewa kusikia. Yeye akaachishwa kazi, mimi nikapandishwa cheo. Ndipo nikawa Mkuu.

Fundi mpya ni Hamdia, msichana wa chuo cha ufundi ambaye mdomo wake hauna breki. Siku ya kwanza tu akanijia pale kitini.

"We Balbu, ukipiga miayo, mimi nakuwa nyama ya kusaga."

"Mimi sipigi miayo kazini."

"Na hiyo unayopiga sasa?"

Ilikuwa miayo ya kiofisi. Hakuelewa.

Akaenda kwa Mkurugenzi kudai kufuli. Eti azime swichi, aifunge kwa kufuli, aingie na ufunguo shingoni, asifungue mtu mwingine ila yeye akishatoka.

"Kufuli ni kukosa imani," Mkurugenzi akamwambia. "Unamfungia nani? Unaifungia Mamlaka stima yake?"

"Naufungia mkono wangu, bosi. Hata mbuzi wa Nasteha pale dukani wana kufuli. Mimi sina thamani ya mbuzi?"

"Kesho tuna wageni wa makao makuu. Utaingia mbele yao bila kufuli, ama urudi kwa mama yako."

Wageni walikuja. Stima nayo ikapotea kwa adabu, kama iliyopewa ratiba. Nikashika kiti changu. Hamdia akakunja mikono.

"Siingii."

Mama mmoja mwenye miwani, mkubwa wa wageni, akauliza, "Kwani kuna hatari?"

"Hatari gani, mheshimiwa!" Mkurugenzi akacheka. "Nitaingia mwenyewe muone."

Akanikabidhi koti. Kikaingia kichwa, yakaingia mabega, halafu tumbo, baada ya mazungumzo marefu. Sote tulikuwa tunalipigia makofi lile tumbo. Sauti yake ikapanda bombani, ikatokea juu ya paa kama kipaza sauti cha mkutano wa siasa:

"NDUGU WAGENI! HUMU NDANI NI SALAMA KAMA CHUMBANI KWANGU!"

Nje, wafugaji waliokuja na punda kununua pumba wakainua vichwa.

Koti lilikuwa na vumbi. Nikawa nalipangusa, maana koti la Mkurugenzi si la kuchezea. Kumbe balbu imewaka. Aliyepiga kelele ni Nasteha, kutoka ng'ambo ya barabara: "Friji imewaka! Stima imerudi jamani!" Mashine za kukoboa zikanguruma zote. Ndani ya feni kukatoka mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwenye cheo.

Feni haikuzunguka.

Swichi ilikuwa imeshushwa, na juu yake kunaning'inia kufuli linalonuka mbuzi. Wakati sisi tunashangilia tumbo, Hamdia alikuwa kwenye swichi. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

"Hamdia!" bomba likalia. "Hamdia dadangu! Swichi!"

"Nimeifunga, bosi. Lakini nimekumbuka, huku ni kukosa imani. Nilitoe kufuli?"

"USILITOE!"

Punda mmoja akakimbia na mzigo.

"Sikusikia vizuri, bosi."

"LIKAE! NI AMRI! LIKAE MILELE!"

Yule mama akavua miwani. "Sasa yule fundi wa kwenye ripoti yenu, aliyeumia, aliponzwa na nini?"

Hamdia akauzungusha ufunguo kidoleni, taratibu, ukagonga kufuli: ting.

"NI MIMI!" bomba likapasuka. "SADIK HAKUCHELEWA! NI MIMI NILIYEKATAZA KUZIMA!"

"Vizuri," mama akasema. "Na kwa kuwa yuko humo ndani tayari, mpitishieni Mkurugenzi kikwanguo."

Tukampitishia. Nikatoka nje na koti la watu mkononi, sina balbu ya kutazama. Kati ya wafugaji alikuwa amesimama Sadik, amekuja kununua pumba. Akatazama juu ya paa, akainua mkono wa kushoto, akapunga.

Safari hii alisikia mara moja.