Uzinduzi wa Herufi Kubwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepatwa na dharura na hivyo nafasi yake naishika mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo, Makaimu wao, na wanaowakaimu Makaimu. Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Makarani, madereva, wahudumu na wote mlioacha foleni ya wananchi dirishani ili kuja kunisikiliza: kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, idara yetu, chini ya uongozi makini ambao unyenyekevu hauniruhusu kuutaja kwa jina, leo inazindua Mradi Jumuishi wa Programu Ndogo za Nyongeza kwa Mfumo Endeshi wa Kompyuta. Kwa lugha nyepesi, kompyuta inakuja na mfumo wake, lakini mfumo huo haujui kila kitu, ndiyo maana walimwengu wametengeneza viprogramu vya kuusaidia: kimoja kinatafuta faili lililopotea, kingine kinakumbuka yote uliyonakili tangu asubuhi, na kingine, ambacho ndicho moyo wa hotuba yangu, kinakuza maandishi kwenye skrini. Vyote ni vya bure. (Sauti kutoka nyuma: “Sasa kama ni vya bure, mradi wa nini?”) Swali zuri, litajibiwa kwa maandishi. Bure, ndugu zangu, ni jambo zito. Bure inahitaji fremuweki, inahitaji wadau, inahitaji ziara za mafunzo katika nchi ambazo bure imeendelea. (Kicheko. Wakuu wa Vitengo wanapiga makofi.)

Wapo watu wenye haraka. Fundi wetu wa kompyuta, yule pale anayejikuna kichwa, alikipakua kiprogramu cha kukuza maandishi wakati chai yake inapoa, akamwekea Bibi Masjala, karani wetu mkongwe ambaye macho yamemchoka kwa kusoma majalada yetu. Bibi akaanza kusoma bila taabu. Nikaagiza kiondolewe siku hiyohiyo, kwa sababu hatuwezi kumruhusu mtumishi aone kabla ya uzinduzi. Tangu hapo Bibi amekuwa akichanganya majalada, na wakubwa wameamua kwamba leo, mbele yenu, asome jalada moja kwenye kompyuta, na akishindwa, astaafishwe. Ndiyo maana nimemteua kuwa mnufaika namba moja! (Vigelegele.)

Tazameni skrini hii hapa mezani: herufi kubwa kama bakuli! Kwa takwimu zetu, uoni idarani umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, maana yake wapo wanaoona hata yasiyowahusu. Bibi Masjala, karibu mbele, mama yangu. (“Mshikeni mkono!” “Niacheni, miguu yangu naiona.” Kicheko.) Wasomee hawa.

(“‘Karibuni katika mradi wetu.’ Haya, mwanangu, nimesoma. Sasa nifungulie jalada.”)

Taratibu, Bibi. Na usisogee sana. Najua umezoea kusoma hadi pua iguse kioo, lakini teknolojia ya kisasa haitaki kubanwa, inahitaji nafasi, inahitaji… Bibi, ondoa kidole hapo.

(“Mwanangu, mbona kioo chako kinabanduka?” Bibi anavuta kona. Karatasi inatoka nzima. Nyuma yake skrini ni nyeusi. Mtu anapiga mluzi.)

Hiyo, ndugu zangu, ndiyo awamu ya kwanza. Nikisema Nyongeza, mnasema Bure! Nyongeza! (Fundi ananyoosha mkono.) Herufi kubwa, idara kubwa! Tunaona mbali! (“Mbali wapi, mzee?”)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchapaji wa mabango kwa karatasi inayong’aa kiasi cha kumdanganya Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Naishukuru kamati ya mradi, ambayo tutaiteua, ili ianze kutafuta mradi wenyewe. Namshukuru kwa namna ya pekee Bibi Masjala kwa utumishi wake uliotukuka, uliokoma muda huu, kwa kuwa alichosoma ni bango, wala si jalada. Keki ya uzinduzi ibaki palepale, tutaitumia kumuaga Bibi. Na wewe fundi, unayenyoosha mkono na kusema unaweza kumrudishia kiprogramu chake kabla sijashuka jukwaani, tena bure, nakushukuru pia. Keti.