Zamu ya Fatumah Katika Fainali ya Wanawake

Wanale, Mbale
Julai 1996

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano Makuu ya Tenisi, Jinja.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi, na poleni kwa mvua. Mimi ni Sajini Swaibu Marijan, mstaafu wa magereza. Ni mume wa Shadiah, mwalimu wa michezo aliyefika fainali ya wanawake, ile ya mmoja kwa mmoja. Ni mume wa Fatumah pia, ambaye kamati yako haijamtaja popote. Dini yangu inaniagiza niwatendee wake zangu sawa, na nimefanya hivyo miaka yote kwa zamu, bila ugomvi, mpaka ratiba yenu ilipofika. Sasa naogopa nyumba yangu itavunjika. Nasema wazi, naogopa.

1. Ratiba ilipangwa bila kuniuliza. Mechi zote za Shadiah ziliangukia zamu za Fatumah. Mke wa mtu haachwi peke yake katika mji wa watu, kwa hiyo nilihamia Nalufenya, huko huko Jinja, kwa ndugu yangu Asadu, na Fatumah akabaki na mahindi.

2. Mvua. Nusu fainali ilikatizwa Shadiah akiwa anaongoza, na mwamuzi akasema turudi kesho. Kesho nayo ilikuwa ya Fatumah. Nilisimama nikamweleza hivyo kwa heshima, akaniambia niketi. Mchezo ulipoendelea nilimweleza tena, kwa sauti ya gwaride, maana kiti chake ni kirefu na huenda hakunisikia. Shadiah akapiga mpira nje. Sijui mnawapata wapi waamuzi wasiojua mambo ya nyumba za watu.

3. Mlimpa Shadiah sketi nyeupe, taulo na soda. Nikirudi nyumbani ilinibidi nishuke njiani, mjini Busiu, nimtafutie Fatumah vilevile, na sketi akaishona fundi Matia. Fatumah aliivaa kupalilia. Majirani wakaja kuuliza kama shamba tumewauzia wamisionari.

4. Fainali yenyewe. Shadiah akishinda atapewa kombe. Fatumah je? Naomba seti ya kwanza acheze Shadiah, ya pili acheze Fatumah, na ya tatu watapatana wenyewe. Fatumah hajawahi kushika raketi, lakini hufukuza tumbili shambani kwa mawe na sijamwona akikosa. Mpinzani wao, binti Ritah, naye alete mke mwenzake kama anaye. Hatutaki upendeleo.

5. Hilo likishindikana, fainali ihamie uani kwangu. Wavu tutaufunga kutoka mlango wa Fatumah hadi mlango wa Shadiah, nami nitaketi katikati niamue. Mbuzi nimekwisha kuwaondoa. Kombe litalala kwa zamu kama mimi.

Nisalimie wanakamati wote na wake zao, kila mmoja kwa kiasi kilekile. Msalimie mwamuzi pia, ingawa hakunisikiliza, na vijana wanaookota mipira, ambao adabu yao niliipenda.

Wako mtiifu, anayetafuta haki,
Sajini Swaibu Marijan (mstaafu)

N.B. Kabla ya kufunga bahasha niliwasomea wake zangu barua hii, wote wawili pamoja, ili asiwepo wa kusikia kwanza. Walicheka mpaka Fatumah akaketi chini na ile sketi yake nyeupe. Kisha akaniambia, "Mzee, wewe rudi Jinja tu. Mimi hapa nalala vizuri." Shadiah naye anaiomba kamati ifunge geti siku ya fainali kwa waume wote, maana ule mpira haukutoka nje kwa upepo. Kila mmoja ananisukuma kwa mwenzake, na mwenzake hanipokei. Katika hili wametendeana sawa kabisa, siwezi kulalamika. Kwa hiyo namba moja hadi tano zifuteni. Badala yake naomba kujua kama siku ya fainali mtahitaji mzee mmoja wa kuokota mipira. Anaweza kukaa kimya, na kwa sasa hana zamu kwa mtu yeyote.