Mpaka Uliowekwa Ndani ya Seva

Wakazi wote wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, wakiwemo wenye haraka, walitangaziwa Jumatatu asubuhi kwamba seva ya Ofisi ya Uratibu wa Huduma za Mpakani sasa imewekewa mpaka ndani yake. Tangazo lilikuwa na mihuri mitatu na sahihi ya Mkurugenzi Danieri Mugenyi. Lilibandikwa hata kwenye mlango wa choo, kwa kuwa hapo ndipo wananchi husoma kwa utulivu.

Hidayah, fundi aliyeitunza seva hiyo, alilisoma mara mbili, akaenda kuikagua kama iko nzima. Ilikuwa nzima. Ilikuwa mashine moja tu, ndani ya chumba chenye ubaridi pale Kasese, naye mwenyewe ndiye aliyeigawa sehemu tatu: Afya, Mifugo na Biashara. Kila sehemu ilijiona mashine kamili. Ziliongea kwa mtandao pepe, yaani mtandao usio na waya wala mnara, unaopita humo humo katika kumbukumbu ya seva. Mifugo ikisema kuku fulani ni wazima, Biashara ilikuwa imeshasikia kabla mtu hajapepesa jicho.

Kasi hiyo ndiyo iliyomtia Mkurugenzi wasiwasi. Alikuja mwenyewe akaomba aonyeshwe huo mtandao. Hidayah alimweleza kwamba hakuna cha kuonyesha. Mkurugenzi aliinama, akachungulia nyuma ya seva, akaigonga kwa kalamu, kisha akasema katika miaka ishirini ya utumishi hajawahi kuona njia isiyoweza kuwekewa kizuizi.

"Kitu kikivuka bila kuonekana, hayo ni magendo," alisema.

"Ni sehemu za mashine moja, mheshimiwa."

"Hata mimi na mke wangu ni wa nyumba moja. Tunabisha hodi."

Basi utaratibu ukaanza. Taarifa iliyotaka kutoka Mifugo kwenda Biashara ilichapwa kwenye karatasi, ikapewa paspoti, ikapakiwa kwenye gari la Magidu, dereva wa ofisi, ikapelekwa Bwera ambako muhuri wa kuvukia ulihifadhiwa. Ikishagongwa muhuri, Magidu aliirudisha Kasese, na hapo Hidayah aliiandika upya ndani ya kasha lile lile ilimotoka. Mkurugenzi aliuita mpango huo Uharakishaji wa Hatua kwa Hatua. Magidu aliuita kupeleka karatasi kusalimia Bwera.

Wiki ya pili paspoti zote zilirudishwa kwa kukosa picha. Hidayah akaipiga seva picha, akabandika nakala kwenye paspoti za sehemu zote tatu. Zikarudishwa tena, kwamba waombaji wanafanana mno na huenda ni mtu mmoja. Ikabidi Afya apigwe kwa mbele, Mifugo kwa ubavuni na Biashara kwa mgongoni. Zilikubaliwa, ila Biashara alionywa siku nyingine aangalie kamera.

Wakati huo, mkulima mmoja wa Maliba aitwaye Feresita alikuwa Bwera na vifaranga mia mbili wa siku tatu. Mto ulikuwa umebeba jiko lake na nusu ya paa, na vifaranga hao ndio waliokuwa warudishe mabati. Mnunuzi wake, Ephraïm, alikuwa anangoja ng'ambo ya mpaka, Kasindi, upande wa Kongo. Kilichobaki kilikuwa Mifugo kuiambia Biashara kwamba vifaranga ni wazima.

Feresita alifikia kwa shangazi yake, akangoja. Wiki ya nane karatasi ikatoka, ila ofisa wa Bwera alipoitazama, kisha akatazama matenga, akakataa. Kibali kilisema vifaranga, na hawa mbele yake walikuwa kuku. Feresita akaagizwa aanze upya. Alipompigia Ephraïm kumwomba awe na subira, jogoo mmoja akawika kwenye simu.

"Mama," Ephraïm akasema, "mi niliomba batoto ya kuku. Hii beko bazee."

Feresita alipanda gari hadi Kasese na jogoo mwenyewe kwapani, akaketi mbele ya meza ya Hidayah. Hakugomba. Alisema mvua inakaribia, na watoto wa marehemu dada yake wanalala upande mmoja wa nyumba kwa sababu upande mwingine unaonyesha mbingu.

"Nambie tu, binti yangu," alisema. "Hiyo Mifugo na hiyo Biashara iko mbali namna gani?"

Hidayah aliona aibu kujibu. Alionyesha kwa kidole seva nyuma ya kioo. Feresita aliitazama sana. Ilikuwa ndogo kuliko tenga lake.

Siku hiyo hiyo Hidayah aliandika barua kuomba mtandao ufunguliwe. Alijibiwa kwa onyo kali la kushabikia magendo, na kwamba akiandika nyingine atahamishiwa Bwera kulinda lango.

Wiki moja baadaye ikaja habari kwamba Mkaguzi Gorret anatoka Kampala kumpa Mkurugenzi nishani ya uchapakazi. Alitaka kitu kimoja tu: jumla ya siku ambazo Mkurugenzi alihudumia wananchi mwezi wa Mei, kutoka sehemu zote tatu, kwenye skrini moja. Mkaguzi alikuwa ameshapita Katunguru, anakaribia Kasese. Magidu alikuwa Bwera, gari limepata pancha.

Mkurugenzi aliingia chumba cha seva akinyata, akamwomba Hidayah afungue njia kwa nusu saa, kimya kimya. Hidayah alimjibu kwa heshima zote kwamba anaogopa magendo, labda apate maandishi. Mkurugenzi akaandika kwa mkono wake: "Mpaka ufunguliwe mara moja, kwa manufaa ya umma." Akagonga mihuri yote mitatu.

Hidayah akafungua. Kabla Mkurugenzi hajarudi kwenye kiti chake, foleni yote ya miezi miwili ilikuwa imevuka. Kuku mia mbili wa Feresita walipata kibali wakiwa kuku, na Ephraïm, ambaye alikuwa amegundua kwamba bazee wana nyama, aliwapokea wote kabla ya saa tisa.

Huko ofisini, mbele ya keki, skrini ilionyesha jumla. Mwezi wa Mei Mkurugenzi alikuwa amefanya kazi siku themanini na moja.

Gorret aliuliza Mei ya Kasese ina siku ngapi. Mkurugenzi akaeleza kwamba moyo wa utumishi haupimwi kwa kalenda. Gorret akaomba waone tarehe kumi na nne tu. Afya ikasema alikuwa Maliba akizindua chanjo. Mifugo ikasema alikuwa Katunguru akikagua ng'ombe. Biashara ikasema alikuwa Ibanda akifungua semina. Kote aliingia saa tatu asubuhi, akatoka saa kumi na moja jioni.

"Mashine inakosea?" Gorret aliuliza.

"Hapana, mama," Hidayah alijibu. "Kila moja inasema inachojua. Hazikuwahi kukutana tu."

Mkurugenzi aliagiza mpaka ufungwe. Hakuna aliyeinuka. Gorret alifungua daftari lake, akasema angependa kumhoji kwanza yule wa Maliba, halafu yule wa Katunguru, na yule wa Ibanda atoke nje angoje zamu yake.

Mkurugenzi Mugenyi alisimama katikati ya chumba, asijue abaki au atoke.