Ramani ya Obusuma

Jumatatu, 6 Juni 1994
Bwana Makhanu, mwalimu mkuu wetu, ametutangazia kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Atatazama somo langu la jiografia darasa la sita, kisha la Mwalimu Beldina darasa la tano. Atakayemridhisha ndiye atapendekezwa kuwa naibu. Naibu! Kiti ninachokitamani tangu nishike chaki!

Beldina tayari amefinyanga ramani ya Kenya kwa udongo. Inakauka jikoni, kando ya moto. Nimeuliza kama pana nafasi ya yangu. Risper, mpishi, amesema labda niikaushe juu ya kichwa changu.

Jumanne, 7 Juni
Mvua tangu saa nane, kama kawaida ya Kakamega. Udongo wangu umekuwa uji. Nimekaribia kukata tamaa.

Halafu wazo! Obusuma iliyolala, yaani ugali wa jana, hugeuka jiwe, nani asiyejua? Nimewaagiza watoto walete unga, kila mmoja konzi moja, kwa ajili ya elimu. Unga uliobaki nimeupika nikala na mboga. Mwalimu hafundishi na njaa.

Jumatano, 8 Juni
Ramani imekamilika! Mlima Kenya umesimama wima. Ziwa Victoria nimelipaka bluu ya kufulia. Mji wetu wa Kakamega ni shanga moja nyekundu. Beldina alipita akauliza kama hicho ni chakula cha mchana. Wivu mtupu.

Nikaiweka dirishani ipate jua. Niliporudi, jogoo wa Bwana Makhanu alikuwa juu ya meza. Magharibi yote imeliwa! Shanga pia! Kakamega imo tumboni mwa kuku! Nilimrushia kifutio. Alinitazama kama mtu aliyenitangulia kazini, akaondoka polepole.

Alhamisi, 9 Juni
Nimeziba pengo kwa obusuma mpya. Lakini yule adui bado anazunguka. Nikaenda kwa Bwana Makhanu, nikamkumbusha kwamba mgeni mkubwa hapewi sukuma wiki, hupewa ingokho, kuku wa nyumbani, tena jogoo. Alifurahi sana. Akasema hakujua nina ukarimu hivyo. Jogoo atachinjwa kesho asubuhi. Nimeifunika ramani kwa kitambaa cha meza cha mke wangu. Naogopa, lakini nimejipanga.

Ijumaa, 10 Juni
Mkaguzi, Bwana Kiplagat, alifika mapema, jogoo hajachinjwa. Walimu wote tulikimbilia langoni kumpokea. Mimi mbele kabisa, nikambebea na mkoba.

Darasani kitambaa kilikuwa kimesogea kidogo; nikakivuta kwa madaha. Mungu wangu! Mlima Kenya haupo! Bonde la Ufa limefika Garissa! Nikawaambia watoto wafikirie milima kwa akili zao. Mkaguzi akamwomba Khalayi, mwanafunzi wa dawati la mbele, amwonyeshe Mlima Kenya.

"Ulikuwa hapa, mwalimu," akasema yule mtoto, "lakini jogoo wa hedimasta alikula. Anakulanga tu."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Aliandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena.

Kwa Beldina, watoto walimwaga maji juu ya mlima wa udongo. Maji yakafuata mfereji wa Mto Tana hadi baharini. Hata mimi nilinyoosha shingo nione. Kwa dakika nzima nilisahau kumchukia.

Jogoo akachinjwa, kwa kuchelewa. Mezani Bwana Makhanu alimwekea mgeni firigisi, heshima ya mwanamume mkubwa. Bwana Kiplagat akaichukua, akaiweka kwenye sahani ya Beldina. Mwanamke! Firigisi! Bwana Makhanu alikohoa. Beldina akaitafuna taratibu, akinitazama.

Kisha Risper akaja na shanga nyekundu kiganjani. Akasema ameikuta akisafisha hiyo firigisi, ni ya nani? Nilisema siijui. Nilitaka kulia, na nililia kidogo. Nikasingizia pilipili.

Jumamosi, 11 Juni
Beldina ndiye aliyependekezwa. Inauma. Nimekaa nikatafakari kwa makini, bila hasira, nilikosea wapi. Jibu ni moja: jogoo. Na jogoo ameliwa!

Mkaguzi atarudi muhula ujao. Nitamtengenezea Afrika nzima, ya obusuma, na nitaipaka samli ing'ae. Kuku wa Bwana Makhanu waliobaki ni majike matupu. Leo nimewaona wakichungulia dirisha la darasa langu, kwa adabu sana.