Joto Lenye Hadhi kwa Wapangaji wa Shule ya Zamani

(Hotuba ya Mwaka Mpya ya Mheshimiwa Régis Peyrachon, Meya wa Montbrizac, aliyoitoa katika ukumbi wa kijiji. Imenakiliwa neno kwa neno na karani wa halmashauri, ambaye mwandiko wake usomwe kwa huruma, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi.)

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ametuma udhuru na anawakilishwa hapa na kiti chake. Mheshimiwa Seneta, ambaye naye ametuma udhuru lakini ameahidi kufika Jumanne kupiga picha. Mheshimiwa Kamanda wa askari wetu, uliyejisogeza karibu na meza ya keki kwa sababu za kiusalama. Mheshimiwa Naibu Meya, Bibi Huguette Chanal, mlinzi wa utepe. Waheshimiwa madiwani wa upande wangu, na wale wengine. Bwana Mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji, Bwana Mwenyekiti wa Klabu ya Kurusha Tufe na Bwana Mwenyekiti wa Kikundi cha Maigizo, ambao wote watatu ni Bwana Firmin Delabre (Firmin anasimama mara tatu na kukaa mara tatu). Wapangaji wa Shule ya Zamani, ambao ndio walengwa, ndio wanufaika, na kwa lugha ya kitaalamu ndio wadau wa mwisho katika mnyororo wa joto. Mabibi na mabwana, wapiga kura wenzangu: heri ya mwaka mpya! (Makofi. Hayasikiki sana kwa sababu ya glavu.)

Ninaiona mivuke ikitoka vinywani mwenu, na mivuke hiyo inanipa faraja, kwa kuwa inaonyesha kwamba wananchi wa Montbrizac bado wanapumua, jambo ambalo ni kipaumbele namba moja katika dira ya uongozi wangu. Najua kuna wanaonong'ona kwamba ukumbi huu una baridi. Sikatai. Tumezima boila ya ukumbi tangu juzi kwa makusudi, kwa kuzingatia kwamba huwezi kumwonjesha mtu asali wakati mdomo umejaa sukari, na hapa nyuma yangu, chini ya kitambaa hiki chenye rangi tatu za bendera yetu tukufu, kuna kitu ambacho kabla ya keki kukatwa kitabadilisha kabisa maana ya neno joto katika nyanda zetu hizi za juu. (Watu wanarefusha shingo kukitazama kitambaa. Bibi Huguette anasimama mbele yake.)

Ndugu zangu, wengi mnauliza mradi huu ulianzia wapi. Ulianzia moyoni mwangu. Siku moja nikipita mbele ya Shule ya Zamani, ile ile niliyojifunzia kusoma, ambayo halmashauri kwa busara yake iliigeuza kuwa nyumba za kupangisha, nilizitazama hita zilizokuwa ukutani, hita za enzi za baba zetu, za bati, zenye kunuka vumbi zikiwashwa, nami nikajiuliza: je, hili ni joto linalomstahili mwananchi wa leo? Ndipo nikatoa maelekezo, na ilipofika Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, hita zote za zamani zilikuwa zimeng'olewa, bila kubakizwa hata moja, kwa ufanisi wa asilimia mia moja.

(Sauti kutoka safu ya mbele: "Lakini zilikuwa zinafanya kazi, Régis!" Ni Bibi Marinette Souvignet, mpangaji wa vyumba vilivyokuwa kantini ya shule. Ndiye aliyekuwa mpishi wa kantini hiyo, na nusu ya ukumbi huu, Meya akiwemo, amewahi kuilisha dengu.)

Nakushukuru, Bibi Marinette, kwa mchango wako. Zilikuwa zinafanya kazi, ndiyo, lakini kwa kiwango kisichoakisi matarajio. Lile lilikuwa joto la hovyo, joto la kukurupuka, ambalo linakuja likiitwa na kuondoka likifukuzwa. Tunachowaletea sisi si hita, na naomba neno hilo lisitumike tena. Ni Kipashajoto Tulivu chenye Kiini cha Jiwe, teknolojia ambayo kimoja tu bei yake ni sawa na ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe mwenyewe awe wa kwanza kwenye maonyesho ya kilimo!

(Firmin, bila kusimama: "Na kinatoa joto zaidi ya ng'ombe?" Kicheko. "Msicheke, mimi ng'ombe wangu nawajua. Ukiwasogelea unapata moto wa bure!")

Bwana Mwenyekiti, mara zote tatu, nakuomba utulivu.

(Bibi Marinette anasimama, ameshikilia kiti. "Régis, mwanangu, fupisha maneno. Sylvie wangu huyu hapa, amekuja na gari kutoka Saint-Étienne. Ameapa kwamba jioni hii akitia mguu kwangu asikute joto, ananipeleka nyumba ya wazee. Sanduku ameshalifunga, liko kwenye buti. Na mimi sitaki kwenda. Nimefanya kazi na kuishi kwenye lile jengo toka kabla hujazaliwa, nataka kufia pale pale. Basi niambie tu: hizo hita zinawekwa leo au haziwekwi?" Binti yake, kwa sauti ya chini: "Mama analala na kofia, Mheshimiwa. Na koti. Maji ya maua mezani yameganda.")

Swali zuri sana, na maswali mazuri ndiyo mtaji wa demokrasia. Nitalijibu kwa ukamilifu wake, kwa kuanza mbali kidogo.

Kabla ya kununua chochote, serikali makini hufanya upembuzi yakinifu. Kwa hiyo niliunda kamati, nikajiteua kuwa mwenyekiti wake, na kamati hiyo ikafunga safari ya mafunzo kwenda pwani ya Uhispania, kwa sababu za kisayansi, maana huwezi kulielewa joto ukilisomea mahali ambapo halipo. Tulikaa kule wiki nzima tukilichunguza, mchana kutwa, tukiwa tumelala chali ili tulipokee sawasawa. (Mtu: "Na mkarudi mmebabuka pua!") Tumerudi na taarifa yenye kurasa nyingi na jalada gumu. Nami kwa moyo wa uwazi nitawasomea hitimisho lake, ambalo mtaalamu wetu ameliandika kwa lugha kavu kidogo, lakini ndiyo lugha yao: "Umeme uliomo ndani ya hita ya bei ghali na ule uliomo ndani ya hita ya bei rahisi hugeuka joto lile lile, kwa kipimo kile kile, na bili ni ile ile."

(Minong'ono. Firmin: "Si ndiyo ninayowaambia kila siku! Kile kihita changu cha kule supamaketi, cha bei ya kuku wawili, kinakula umeme huo huo na kutoa moto huo huo!")

Tulieni, tulieni! Msikilize mtu mpaka mwisho. Ni joto lile lile kwa kipimo, nakubali, lakini si kwa hadhi! Ukiizima hita ya supamaketi, chumba kinapoa papo hapo kama uji kwenye sahani bapa. Ukikizima Kipashajoto Tulivu, jiwe lililomo ndani linaendelea kukukumbuka kwa muda. (Bibi Marinette: "Kwa nini nikizime wakati naganda?") Tena kina saa inayojiwashia yenyewe, kina rangi nyeupe inayoheshimu kuta, na zaidi ya yote unaweza kukiamrisha kwa simu ukiwa popote pale duniani ambapo mtandao unafika, na kwa hapa Montbrizac, kama mjuavyo, mtandao unafika kwenye ukuta wa makaburi. (Sauti: "Kwa hiyo usiku wa upepo wa burle, ule wa theluji, mtu avae viatu aende makaburini kuwasha hita?" Mwingine: "Akifika si abaki huko huko, ajiokolee safari ya pili!" Kicheko kirefu. Sylvie hacheki.)

Naona kuna hamasa. Sasa, kuna watu, na sitawataja kwa kuwa wamekaa safu ya nne, wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema kwamba tatizo la Shule ya Zamani si hita hata kidogo, ni madirisha. Kwamba upepo wa burle unaingia kwa upande huu, unatikisa mapazia na kutokea upande wa pili. Kwamba hata uweke hita ya dhahabu utakuwa unaipasha joto barabara ya kwenda Le Puy. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuficha. Hata mtaalamu wetu ameandika hivyo hivyo. Ameandika, namnukuu, "anzeni na madirisha." Ameandika mara nyingi, tena kwa wino mwekundu. Lakini niwaulize, na mnijibu kwa dhamiri safi: ni lini mmemwona Seneta akija kuzindua mpira wa kuziba dirisha? Utepe utafungwa wapi? Picha itapigwa kwa pembe gani? Uongozi ni kufanya maamuzi magumu, nami niliamua, na uamuzi huo umechongwa kwenye kibao cha marumaru ambacho tayari kimeshapachikwa pale mlangoni pa Shule ya Zamani, chenye jina langu na tarehe ya leo. (Firmin: "Hicho kibao ndicho kitu pekee kisichopitisha upepo!")

(Bibi Marinette: "Régis. Bado hujanijibu.")

Nakujibu, Bibi. Ahadi ni deni, na mimi si mtu wa madeni. Wananchi wa Montbrizac, wakati umewadia! Bibi Huguette, mkasi! (Mkasi unaletwa juu ya mto mwekundu. Meya anakata utepe. Kitambaa kinavutwa. Kinaonekana kipashajoto kikubwa, cheupe pe, kirefu kuliko mtoto wa shule, chenye kitaa chekundu pembeni. Watu wanasema "Ooo!" kwa pamoja. Karani anakiri kwamba naye alisema.)

Kitazameni! Kitazameni utulivu wake! Hakina kelele, hakina vumbi, hakina harufu! Semeni nami: Joto lenye hadhi! (Wachache: "Kwa kila mmoja!") Montbrizac yetu! (Wengi kidogo: "Haitagandi!" Wanajirekebisha: "Haitaganda!") Baridi! ("Ikome!")

(Bibi Marinette amepanda jukwaani, taratibu, akishikwa mkono na binti yake. Anavua glavu. Anaweka kiganja juu ya kipashajoto. Anakiacha hapo muda mrefu. "Ni baridi," anasema. Kisha anakigonga kwa kifundo cha kidole. Kinalia kama mlango wa kabati.)

Na sasa, ili tusiwe wezi wa fadhila, naomba nitoe shukrani zangu za dhati. Kwanza kwa Kikundi chetu cha Maigizo, ambacho kwa kujitolea, bila posho, kimeturandia mbao hizi za msonobari, kikazigongomea na kuzipaka rangi. (Firmin, sasa amesimama: "Wee! Si uliniambia ni cha mchezo wa Pasaka!") Nami sikukosea, Bwana Mwenyekiti, maana kimeigiza vizuri kuliko wengi wenu. Pili, nawashukuru wapangaji wa Shule ya Zamani kwa uzalendo wao, kwa kuwa ili mradi huu upate fedha za mkoa ni lazima andiko la maombi liambatanishwe na ushahidi kwamba walengwa hawana hita kabisa, na ushahidi huo, shukrani kwa maelekezo yangu ya Watakatifu Wote, sasa tunao. Andiko lenyewe litaanza kuandikwa mara tu kamati ya kuliandika itakaporudi kutoka safari ya mafunzo. Tatu, nawashukuru waliotengeneza marumaru. Kwa maana hiyo, Bibi Marinette, jibu la swali lako ni ndiyo, kimkakati. Na hapana, kwa jioni hii. Subira yavuta heri! (Firmin: "Ngoja ngoja huumiza matumbo!")

(Hakuna anayepiga makofi. Sylvie anamshika mama yake begani: "Twende, Mama. Umesikia mwenyewe. Gari liko tayari." Mama yake amekaza macho kwenye kipashajoto. "Firmin," anaita, "mbao zenyewe zimekauka?" Firmin: "Zimekauka kabisa, mama. Zilikuwa zizini kwangu miaka yote hii." Bibi Marinette anamgeukia Meya. "Zile hita ulizing'oa zote, Régis. Lakini lile jiko langu la kuni la kantini ulilisahau, na bomba lake la moshi liko wazi." Anakumbatia kichwa cha kipashajoto. "Sylvie. Shika mguuni.")

Bibi Marinette, nakuomba, hicho ni mali ya halmashauri... kwa usahihi zaidi ni mali ya Kikundi cha Maigizo... (Firmin: "Kikundi kimeridhia! Na mbao zilizobaki zizini, mama, nakuletea kesho kwa toroli!") Bibi Huguette, funga mlango! (Bibi Huguette anafungua milango yote miwili, na kushikilia mmoja kwa mguu. Sylvie amesimama, anamtazama mama yake, anamtazama Meya. Kisha anainama na kushika mguuni.)

Wananchi, tuwe wastaarabu! Sylvie, wewe ni mtu uliyesoma! Mheshimiwa Seneta anakuja Jumanne kupiga picha na kipashajoto hicho, nitamwambia nini mimi?

(Bibi Marinette, kutoka mlangoni, huku burle ikimpeperusha mtandio: "Mwambie aje kwangu, ntampikia dengu. Na koti asilete.")