Ombi la Kumfukuza Mwenyekiti wa Wapenda Metali kwa Kosa la Kuimba na Kwaya

Pastory Mugeta,
Mashine ya Kusaga,
Nyasho, Musoma.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wapenda Metali Mara,
Kabasa, Bunda.

Ndugu Mwenyekiti, kaka Machibya,

YAH: MAONI YASIYOVUMILIKA NDANI YA UMOJA

Shikamoo. Natumaini huko Kabasa mvua imenyesha na pamba inaendelea vizuri. Huku Nyasho sote wazima, isipokuwa Umoja wetu, ambao ni mgonjwa mahututi. Ndiyo maana nimeacha mahindi ya watu kwenye foleni nikakaa kuandika, na akina mama wananisema hapa nikisikia.

Unakumbuka tulivyoanza. Tulijaza mabenchi mawili nyuma ya mashine, tukafungulia muziki wetu wa metali, magitaa ya umeme yakaunguruma mpaka jirani akaleta watu wa maombi. Leo benchi moja limerudishwa kanisani tulikoliazima, na lile jingine nalikalia peke yangu. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wameoza wote. Kwetu limeoza tenga zima, nimebaki mimi. Kama Katibu wa Nidhamu uliyeniteua mwenyewe, naomba niyataje makosa kwa mpangilio.

1. Paschal alisema angependa kusikia maneno ya wimbo. "Mi huyu jamaa simsikiagi anasema nini," alisema hivyo mbele za watu, bila haya. Jamani! Mwimbaji amehangaika miaka yote kuliharibu koo lake, halafu wewe unamdai matamshi? Anayetaka matamshi akasikilize taarifa ya habari. Nilimfukuza palepale. Aliaga kila mtu kwa mkono, jambo ambalo nalo halimo kwenye katiba.

2. Sara alidai kwamba mtu anaweza kuupenda muziki huu bila kutikisa kichwa. Ushahidi wake ni kuwa baada ya mkutano wa Pasaka shingo iligoma, akawa anaangalia upande wa Butiama hata akitaka kwenda sokoni. Zahanati wakamvalisha kola. Mimi kola ile niliiona ni nishani, nikapendekeza apigwe picha. Yeye akaiita ujinga mtupu. Nimemfuta.

3. Shida alisema albamu mpya ni nzuri kuliko ya kwanza. Hili sitalieleza, nina presha. Kila mwenye akili anajua kwamba albamu ya kwanza ya bendi yoyote, iliyorekodiwa gereji kwa maikrofoni moja mbovu, ndiyo bora, na kadiri isivyosikika ndivyo inavyozidi ubora. Nilimfukuza kwa simu.

4. Gaudensia. Huyu aliniumiza. Ulikuwepo kwenye msiba wa bibi yake mwanachama mwenzetu Eliasi kule Butiama. Kamati ilitangaza waombolezaji wavae nyeusi, na katika msiba ule wote ni Umoja wetu tu uliotii kikamilifu: nyeusi juu, nyeusi chini, fuvu limechorwa kifuani, na langu likitoa moto machoni. Tukakaa mstari wa mbele kwa heshima zote. Mchungaji alipoinua macho akatuona, alipotea kwenye Biblia, akasoma mahali pa harusi. Ndipo Gaudensia akajifunika kitenge fuvu lake lisionekane, akasema wafiwa wakisikia: "Metali si nguo, jamani." Metali si nguo! Kama si nguo, mimi ninayesaga unga na jaketi la ngozi katika jua hili la Musoma nateseka kwa ajili ya nani? Nilisubiri mazishi yaishe, nikamfukuza getini.

5. Ryoba alikuja mkutanoni na litungu la babu yake, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane, akaliegemeza kwenye gunia la pumba, akatamka maneno ambayo mkono wangu unakataa kuyaandika: kwamba hilo ni zito kuliko gitaa lolote la Ulaya. Halafu akalipiga. Ni kweli vumbi la unga lilidondoka kutoka kwenye mabati. Ni kweli Eliasi alilia, lakini yeye alikuwa bado na msiba wake. Uzito haupimwi kwa vumbi! Tena umeme ulikuwa umekatika, spika yetu imenyamaza kwa adabu, lenyewe litungu linaunguruma tu bila aibu. Chombo kisichojua kwamba umeme umekatika hakiwezi kuitwa cha metali. Nilimfukuza Ryoba. Eliasi akambebea litungu, akasema anamsindikiza mara moja. Hajarudi.

6. Sasa nafika kwako, kaka.

Katika msiba uleule, kwaya ya akina mama ilipoanza, wewe uliingia besi. Hakuna aliyekutuma. Nilikuwa nimekaa kushoto kwako na nilisikia kila kitu. Uliimba beti zote, na ubeti wa mwisho uliuimba umefumba macho. Nilipokuuliza njiani ukanijibu, "Pastory, muziki ni muziki." Kaka Machibya, haki ya Mungu, Paschal ana nafuu. Hayo ndiyo maoni mabaya kuliko yote yaliyowahi kutolewa mkoani kwetu, kwa sababu yakikubalika, hatutakuwa na mtu wa kumfukuza.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, ujifukuze. Katiba inataka kila barua ya kufukuza isainiwe na Mwenyekiti, basi tafadhali usaini kabla hujaacha kuwa Mwenyekiti, la sivyo tutakwama. Pili, unitumie muhuri. Tatu, nasikia wote niliowafukuza wanakutana uani kwa Ryoba kila Jumamosi, na Sara anapika. Naomba amri yako ya mwisho iwe kuwazuia wasicheke kwa sauti inayofika huku kwenye mashine.

Ukiyatekeleza hayo, Umoja utabaki na mwanachama mmoja asiye na doa, na kila hoja itapita bila kupingwa. Niambie ni chama gani kingine nchini kimefikia hapo.

Nisalimie shemeji Rebeka, watoto, mama mkwe wako aliyenipa ulezi, na majirani wote wa Kabasa. Wanakwaya nao wasalimie, ila kwa kifupi.

Wako katika uzito,

Pastory Mugeta
Katibu wa Nidhamu

N.B. Jumamosi iliyopita niliitisha mkutano kama kawaida. Nikafungua kikao, nikaweka ile albamu ya kwanza, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Wimbo ulipofika pale katikati, pale ambapo magitaa yananyamaza kidogo halafu sote huwa tunaruka pamoja na kukanyagana, niliruka. Nikageuka kuangalia nani amenikanyaga. Hakukuwa na mtu. Kaka, nilizima redio, wimbo sikuumaliza, na mpaka leo sijaufungulia tena. Basi usisaini chochote. Jumamosi hii ukija Musoma nipitie kwanza hapa mashineni, twende wote kwa Ryoba. Peke yangu naona aibu kuingia.