Malalamiko Kuhusu Kushuka kwa Presha ya Baba

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Kraaa. Hiyo ndiyo sauti ya kile kitambaa cha mashine ya presha kikibanduliwa mkononi mwa baba, na tangu Jumapili ile haijanitoka masikioni. Mama alisoma kipimo, akakisoma tena, kisha akapiga kelele: "Mume wangu, una presha ya kijana!" Nyumba nzima ikashangilia. Mimi sikushangilia, na ndiyo maana nakuandikia.

Gazeti lako lilichapisha makala kuhusu flavonoidi, yaani viambata vilivyomo katika mimea, ambavyo baadhi yake ndivyo huipa rangi. Mwandishi wako alieleza, kwa lugha ambayo nakiri niliipenda, kwamba vitunguu vyekundu, matunda, chai na kakao vina viambata hivyo, na kwamba huenda vikasaidia mishipa ya damu kulegea na presha kushuka kidogo. Alionya pia kwamba mgonjwa asiache dawa zake. Mama aliikata makala kwa mkasi, akaibandika kwenye friji. Madhara yaliyofuata ni haya:

1. Chakula. Kwetu hakuna tena chakula cheupe. Kila kinachoingia sufuriani sharti kiwe na rangi ya goti lililoumia. Vitunguu vyekundu vimefika hadi kwenye uji. Kaka yangu alipouliza kama flavonoidi zinaruhusiwa kukaa sahani moja na nyama, mama alimjibu, "Nyamaza ule, mishipa haijui utani." Hili ningelivumilia.

2. Utawala. Miaka yote presha ya baba ndiyo iliyokuwa serikali yetu. Hatukugombana, kwa sababu baba angepandwa na presha. Kaka alipogonga gari ukutani aliambiwa pole tu. Shangazi, dada yake baba, hakuruhusiwa kulala kwetu, kwa kuwa sauti yake tuliihesabu miongoni mwa kelele alizozikataza daktari. Sasa kaka amefokewa kwa ajili ya gari lile, pamoja na makosa mengine yote ya tangu darasa la tatu, na shangazi amehamia na masanduku yake. Kila asubuhi anagonga mlango wangu: "We mtoto, bado umelala? Kaka yangu kapona, wewe unaumwa nini?"

3. Mimi. Hapa ndipo makala yako iliponinyang'anya haki yangu. Baba ni wakili. Juu ya mlango wa ofisi yake kuna kibao kipya kilichoandikwa "Wakili na Binti", na binti huyo ni mimi. Nimesoma sheria, nimefaulu vizuri, na sitaki kuwa wakili. Nataka kufundisha chekechea. Shule moja imenipa nafasi na inangoja jibu. Je, ningemwambiaje mgonjwa wa presha kwamba kibao chake kina maneno mawili ya ziada? Sikuwa mwoga, Ndugu Mhariri. Nilikuwa na huruma. Nilikuwa nimejipanga kunyamaza kwa upendo hadi uzeeni. Sasa huruma yangu haina tena pa kusimama, na kilichobaki, nikikitazama vizuri, kinafanana mno na woga.

4. Baba mwenyewe. Amekuwa mpole kupita kiasi. Jana alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema, "Haya mwanangu, nakuona huna raha. Sema, mimi nipo." Mzazi mwenye presha ya kawaida ni mtu wa hatari. Huwezi kumkingia kifua dhidi ya habari zako.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mojawapo ya haya: uifute makala ile, au uchapishe nyingine ya kumpandisha baba presha, kidogo tu, isimdhuru, ya kutosha wakati wa chakula, au, ikishindikana kabisa, makala za namna hiyo zibebe onyo kama chupa za dawa: "Huweza kusababisha mazungumzo."

Nisalimie wachapaji, mchora katuni, na mtaalamu wako wa vitunguu, ambaye binafsi sina ugomvi naye. Nikitumaini kwamba utairudishia nyumba yetu ukimya wake, nabaki msomaji wako mwaminifu,

Binti wa kwenye kibao

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha nilipojikuta nimemwambia baba. "Imeniuma," akasema. "Ila kuumia siyo presha." Kisha akachungulia jikoni, akashusha sauti. "Na mimi nikwambie langu. Vitunguu mimi sili. Mama yako akigeuka, namhamishia kaka yako sahanini, na siku hizi shangazi yako. Daktari alinibadilishia vidonge, basi. Lakini mama yako alivyofurahi vile, ningeanzia wapi? Usimwambie, utampandisha presha."

Kwa hiyo makala yako haina hatia. Tafadhali usiichapishe barua hii, maana mama husoma ukurasa wako hadi matangazo. Naituma tu kwa sababu stempu nimeshabandika. Kazi nimeikubali. Leo asubuhi nimefunga kamba za viatu vya darasa zima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimesomea nini.